Prosesa Ipi Inanifaa? Maswali ya Wanunuzi wa Laptopu Mombasa

Tangu Microsoft ilipositisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, barua ninazopokea kutoka kwa watu wanaotaka kubadilisha laptopu zimeongezeka, na nyingi zinazunguka jambo moja, nalo ni prosesa, yaani sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu na kuendesha programu zote. Nimechagua chache zinazowakilisha nyingine.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Katika duka moja la Mwembe Tayari nimeonyeshwa laptopu mbili zilizotumika ng'ambo, bei yake sawa. Moja ina i7-7500U na nyingine i5-8250U. Muuzaji anasisitiza nichukue i7, kwa kuwa saba ni zaidi ya tano, tena kasi yake ni gigahezi 2.7 ilhali ya pili ni 1.6 tu. Nifuate ushauri wake? (Mwanafunzi wa chuo, Tudor)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Chukua i5. Nitakueleza sababu kwa kirefu, maana ukilielewa jibu hili utaweza kujijibia maswali mengine mengi ukiwa dukani peke yako.

Jina la prosesa ya Intel, kampuni iliyotengeneza hizo mbili, ya miaka hiyo lina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza, yaani i3, i5 au i7, hutaja daraja la prosesa ndani ya kizazi chake tu, na haikuwekwa ili kulinganisha kizazi na kizazi. Sehemu ya pili ni tarakimu zinazofuata kistari, nazo ndizo zinazoeleza umri: 7 iliyo mwanzo wa 7500 ni kizazi cha 7, kilichotoka mwaka 2016, na 8 iliyo mwanzo wa 8250 ni kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Kuanzia kizazi cha 10, tarakimu mbili za mwanzo husomwa pamoja, kwa hiyo i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11 wala si ya kizazi cha kwanza. (Nimewahi kumwona mnunuzi akiikataa mashine nzuri kwa kosa hilo, nami nikanyamaza kwa sababu muuzaji mwenyewe hakujua amtetee vipi.) Sehemu ya tatu ni herufi ya mwisho: U ni prosesa ya matumizi madogo ya umeme, kwa kawaida wati 15, na H ni ya kazi nzito, kwa kawaida wati 45.

Sasa tazama mashine zako. Zote mbili ni za herufi U, lakini i7-7500U ina viini viwili, na i5-8250U ina vinne. Kiini ni kama mpishi mmoja katika jiko la arusi: wapishi wawili hodari hawatawahi sufuria nne za pilau zinazochemka kwa pamoja, hata kama kila mmoja wao anakoroga upesi. Na zile gigahezi alizokutajia muuzaji ni kasi ya msingi tu. Kazi ikihitaji nguvu kwa muda mfupi, 8250U hupanda hadi gigahezi 3.4 na 7500U hadi 3.5, tofauti ambayo hutaihisi. Utakachohisi ni vile viini viwili vya ziada, pale utakapofungua kurasa kumi za intaneti, waraka wa Word na somo la video kwa pamoja. Tena Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel za kizazi cha 8 kuendelea, za kabla ya hapo zikiwa zimeachwa nje isipokuwa chache sana, na 7500U haimo katika hizo chache.

Kabla ya kulipa, usiamini kibandiko kilicho karibu na kibodi, kwa sababu kibandiko huhamishika. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uingie sehemu ya utendaji (Performance). Hapo utaona jina kamili la prosesa na idadi ya viini vyake. Mimi mwenyewe sikufanya hivyo zamani. Nilinunua i7 ya kizazi cha 4, nikajivuna nayo, na siku nilipoihesabu viini nikakuta viwili.

Swali: Nataka kumnunulia binti yangu laptopu mpya ya dukani kwa masomo yake, yenye Celeron N4020 na RAM ya GB 4. Shemeji yangu anasema ni afadhali ninunue iliyotumika. Mimi naogopa vitu vya mtumba. (Mama wa watoto watatu, Kisauni)

Jibu: Bi, hofu yako ina msingi, lakini katika hili shemeji yako amesema kweli. Celeron N4020 ina viini viwili vidogo, vilivyoundwa kutumia wati 6 tu. Itaandika barua na itafungua kitabu cha PDF. Ikipewa darasa la mtandaoni huku kurasa nyingine ziko wazi, itagota. Mashine nyingi za namna hiyo RAM yake, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zilizo wazi, imeunganishwa moja kwa moja na ubao mkuu wa mashine, kwa hiyo GB 4 unazonunua leo ndizo atakazomaliza nazo masomo. Upya wa boksi hauongezi kiini. Jihadhari vilevile na Athlon Silver 3050U ya AMD, kampuni inayoshindana na Intel, kwani nayo ni ya viini viwili.

Ukishindwa kabisa kuvumilia mtumba, ulizia yenye Intel N100. Hiyo ilitoka mwaka 2023, ina viini vinne, nayo inatosha kwa mwanafunzi ikiwa na RAM ya GB 8 na SSD, yaani hifadhi ya kudumu isiyo na diski inayozunguka. Lakini kama moyo utakubali, i5 ya kizazi cha 8 au zaidi, yenye GB 8, itamhudumia vizuri zaidi, mradi uijaribu betri yake hapo hapo dukani kwa kuchomoa chaja na kuiacha icheze video muda wa nusu saa.

Swali: Ninayo i5 ya kizazi cha 6. Je, sasa imekwisha? (Karani, Changamwe)

Jibu: Prosesa haikuisha, kilichokwisha ni masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Kwa mtu anayefanya malipo ya benki kwenye mashine hiyo, jambo hilo si dogo. Ukiweka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, itakuhudumia miaka mingine kadhaa, hasa ikiwa na SSD badala ya diski ya kuzunguka. Ikiwa kazini mnatumia programu za Windows peke yake, anza kuweka akiba.

Swali: Je, Ryzen 5 7520U ni bora kuliko Ryzen 5 5500U? Nambari yake ni kubwa zaidi, na muuzaji anaiita toleo jipya. (Mfanyabiashara, Kongowea)

Jibu: Ni jipya kwa tarehe ya kutoka, si kwa kilichomo ndani. Huu ndio mtego ninaouchukia kuliko yote, kwa sababu humnasa hata mnunuzi aliyejitahidi kusoma. Katika mfululizo huo wa 7000 wa AMD, tarakimu ya kwanza hutaja mwaka wa bidhaa, na tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja muundo wa ndani. Katika 7520U tarakimu hiyo ni 2, maana yake ni muundo wa Zen 2, ambao ndio huohuo uliomo katika 5500U. Tofauti ni kwamba 5500U ina viini sita na 7520U ina vinne. Kwa hesabu za duka, majedwali makubwa na programu nyingi kwa wakati mmoja, 5500U inashinda. 7520U si mbaya kwa mtu anayetaka mashine nyepesi isiyomaliza betri haraka, ila RAM yake haiwezi kuongezwa baadaye, kwa hiyo ukiichukua usikubali chini ya GB 8. Ukipata 7530U, hiyo ni Zen 3 yenye viini sita, nayo inazipita zote mbili.

Umeongeza kuuliza kama AMD ni duni kuliko Intel. Hapana. Tangu Ryzen zilipoanza mwaka 2017 mashindano ni ya bega kwa bega, na mimi huangalia prosesa moja moja, siangalii ukoo wake.

Swali: Laptopu yangu ina i7 ya herufi H. Asubuhi inakwenda vizuri, lakini mchana inakuwa nzito, feni inavuma kama jahazi linalotweka tanga, hasa miezi ya kaskazi. Fundi anasema prosesa imechoka. (Mwalimu wa shule, Likoni)

Jibu: Mwalimu mwenzangu, prosesa haichoki namna hiyo. Inachokifanya ni kujilinda. Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa ukomo wa joto unaokaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Zikifika hapo hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Feni na bomba la shaba haviwezi kuipoza prosesa chini ya joto la hewa ya chumbani, kwa hiyo kila nyuzi inayoongezeka chumbani mwako huongezeka pia, kwa makadirio, ndani ya mashine. Chumba chenye nyuzi 23 alfajiri kikifika 33 saa nane mchana, prosesa imeshapoteza nyuzi kumi za nafasi yake kabla hujafungua faili la kwanza.

Hapa ndipo ushauri wa kuchagua prosesa ulioandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi unapotupotosha sisi wa pwani. Huko H ya wati 45 ndani ya bodi nyembamba hupumua. Hapa, katika nyumba isiyo na kiyoyozi, mara nyingi unalipia nguvu ambayo mashine haitaweza kuitoa kwa zaidi ya dakika chache. Kwa kazi za ofisi na shule mimi huwashauri watu wa Mombasa wachukue U, na fedha inayobaki waiongeze kwenye RAM. Anayeihitaji H kwelikweli na atafute bodi nene yenye matundu mapana, hata kama inamwumiza bega kuibeba kwenye feri.

Kwa mashine uliyonayo, mwombe fundi mwingine aifungue, atoe vumbi lililoganda kati ya feni na mapezi ya shaba, na abadilishe ule ute wa kupitishia joto uliokauka juu ya prosesa. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na vikichanganyika na vumbi hufanya utando usiotoka kwa kupulizwa tu. Wala usiitumie juu ya godoro, kwani unaziba pua zake.

Swali: Nahariri video za arusi. Kamera yangu inarekodi 4K ya biti 10, nami kila nikiburuta picha kwenye programu ya kuhariri, zinakwama. Ninunue i9? (Mpiga picha, Mji wa Kale)

Jibu: Pengine hukosi nguvu, unakosa kifaa maalumu. Ndani ya prosesa kuna sehemu ndogo inayofungua video zilizobanwa, na sehemu hiyo isipojua aina ya faili lako, viini vyote hulazimika kulifungua kwa mabavu. Kamera nyingi za kisasa hurekodi H.265 ya biti 10 kwa mpangilio wa rangi wa 4:2:2, na aina hiyo imewasumbua wahariri wengi wenye mashine za bei kubwa. Intel za kizazi cha 11 kuendelea zenye michoro ya ndani, yaani sehemu ya kuchora picha za skrini iliyomo ndani ya prosesa, huifungua bila jasho, na vilevile prosesa za Apple kuanzia M1 iliyotoka Novemba 2020. Kwa hiyo i7 ya kizazi cha 12 inaweza kukufaa kuliko i9 ya zamani iliyogharimu mara mbili. Tazama kwanza mipangilio ya kamera yako ujue inarekodi nini hasa, ndipo uende dukani.

Ukielekea upande wa Apple, kumbuka kwamba MacBook Air ya M1 haina feni. Haivuti vumbi wala chumvi, jambo ninalolipenda sana hapa kwetu, lakini ukiiachia itoe filamu ya saa mbili mchana wa Februari itapunguza mwendo. RAM yake pia haiongezwi, kwa hiyo kwa kazi yako anzia GB 16.

Swali: Laptopu za Snapdragon zinasifiwa kwa betri. Zinafaa ofisi ya uwakala wa forodha? (Wakala, Kilindini)

Jibu: Sifa ya betri ni ya kweli. Snapdragon X Elite, iliyoingia sokoni mwaka 2024, ni ya muundo wa ARM kama prosesa za simu, na Windows inaweza kuziendesha humo programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya Intel na AMD kwa njia ya kuigiza. Lakini uigizaji huo hauhusu draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kutumia vifaa vilivyounganishwa nayo. Printa ya zamani, skana, au kifaa cha USB cha kutia sahihi ambacho mtengenezaji wake hakutoa draiva ya ARM, huenda kisifanye kazi kabisa. Ofisi ya forodha hutegemea vifaa kama hivyo, nami ningebaki na Intel au AMD mpaka niwe nimevijaribu vyote kimoja kimoja kwenye mashine ya kuazima.

Swali: Naweza kutoa i3 kwenye laptopu yangu nikaweka i7? (Kijana, Bamburi)

Jibu: Kwa laptopu karibu zote za miaka kumi iliyopita, hapana, kwa sababu prosesa imechomelewa kwenye ubao. Akikuahidi fundi kwamba atafanya, mwulize kwanza bei ya ubao mzima. Fedha hiyo itie kwenye SSD na, ikiwa mashine yako ina nafasi mbili za RAM, kwenye RAM ya pili iliyolingana na ya kwanza; zikiwa mbili, hata michoro ya ndani ya prosesa hupata njia pana zaidi ya kupitishia data.