Kwa nini kompyuta haiigi kila elektroni ya mikanda ya Van Allen

Umeuliza kwa nini watafiti wa mikanda ya Van Allen, yaani maeneo yaliyoizunguka Dunia ambamo uga wake wa sumaku umenasa chembe zenye nishati kubwa, wasiige tu kila elektroni kwenye kompyuta. Ndugu yangu, shida si wingi wa elektroni peke yake, ni muda. Kwenye mkanda wa nje, elektroni huzunguka mstari wa uga sumaku maelfu ya mara kwa sekunde moja, lakini kuizunguka Dunia nzima huichukua dakika kadhaa hadi saa. Kompyuta ikifuata kila mzunguko mdogo, dhoruba ya sumaku ya siku mbili haiishi kuhesabiwa.

Kwa hiyo kazi hugawanywa. Ukitaka kuona wimbi la umemesumaku likizaliwa kati ya elektroni hizo, unachukua kipande kidogo cha anga, unaweka chembe za kompyuta ambazo kila moja inabeba uzito wa elektroni nyingi mno, kisha uga wa umeme na sumaku, unaokokotolewa kwa milinganyo ya Maxwell, unasukuma chembe, nazo chembe zinabadilisha uga, hatua kwa hatua. Hapo ndipo mawimbi yaitwayo koro (chorus) hujitokeza, masafa ya mtetemo yakipanda; ukiyapeleka kwenye spika yanalia kama ndege wa alfajiri. Mimi hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Kwa mkanda mzima hutumika mlinganyo wa msambao, yaani wastani wa athari za mawimbi. Ni nafuu, ila hupoteza mirindimo mikali ya ghafla.

Na mawimbi hayo si jambo dogo. Satelaiti pacha za Van Allen Probes, zilizorushwa Agosti 2012, zilionyesha elektroni zikiongezewa nishati humo humo ndani ya mkanda.