Binti mkimbiaji amekosa hedhi miezi minne: si kawaida

Dada, umeuliza kama ni sawa binti yako wa miaka 16, mkimbiaji wa mbio ndefu, kukosa hedhi miezi minne tangu aanze kupunguza chakula, maana kocha wake anasema hiyo ni dalili ya mazoezi kukolea. Hapana. Kocha amekosea, tena vibaya.

Mara nyingi hedhi hukatika hivyo kwa sababu chakula hakitoshi mazoezi na kazi za ndani ya mwili kwa pamoja, basi mwili unabana matumizi. Homoni ya estrojeni inashuka, na mifupa, ambayo hujijenga sana katika umri huu huu, inadhoofika. Ndipo nyufa ndogo za mifupa ya miguu huanza. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii mwaka 2014, na ikataja kuwa wavulana nao huipata (ila wao hawana hedhi ya kuwashtua). Usiiamini mizani pia. Uzito unaweza kuwa wa kawaida na bado anaumia.

Mpeleke kwa daktari wiki hii, sababu nyingine nazo zichunguzwe, ujauzito ukiwemo. Akizimia au moyo ukimwenda ovyo, hospitali papo hapo.

Nyumbani msimsifie wembamba wala msimgombeze mezani. Mwambie, "Naona unachoka, na siku hizi unakula peke yako, nina wasiwasi," kisha nyamaza umsikilize. Huenda akakasirika, mvumilie. Kocha naye aambiwe mazoezi yanasubiri neno la daktari.