Muulize Fundi: Seva ya SACCOS, mfumo wa kulipia au wa bure?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mhasibu wa SACCOS ya wachuuzi wa dagaa hapa Kirumba. Tunanunua seva ya kutunza hesabu za wanachama. Fundi mmoja anataka tulipie Red Hat, mfumo wa kuendesha seva, kila mwaka, anasema mifumo ya bure haina usalama. Mwingine anasema tuweke Debian, ambayo ni ya bure, tusichezee pesa za watu. Tumsikilize nani?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwenye usalama, huyo wa kwanza amekosea. Red Hat Enterprise Linux na Debian zote zinabeba kiini kilekile cha Linux, yaani moyo wa mfumo, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, na Debian ina kikosi chake cha kuziba matundu ya usalama. Ukilipia Red Hat unapata mtu wa kukupokelea simu na masasisho ya miaka 10 kwa toleo moja. Debian inakupa kama mitano, kisha unahamia toleo jipya.

Kwa hiyo anza na aliyewauzia programu ya hesabu. Akisema anaihudumia kwenye Red Hat tu, lipeni bila kinyongo, maana siku ikigoma atawakana.

Niliwahi kutunza seva za kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Mizani ya mapokezi ilisomwa na kompyuta ya aina ya SPARC yenye Solaris, mfumo wa kulipia hasa, na ilikuwa imara kweli. Alfajiri moja diski ikafa, samaki wanashushwa. Nikafungua faili la mikataba: huduma ilikwisha miezi mitano nyuma, ofisi haikulipa. Siku nne karani aliandika uzito kwa kalamu, daftari limelowa maji ya barafu, kurasa zimegandana, tukisubiri diski kutoka Dar es Salaam. Tangu hapo sitaki seva ambayo kipuri chake sikipati mjini.

Bure nayo ina mitego. Walioweka CentOS 8, mfumo wa bure uliofuata Red Hat na kusimamiwa na kampuni hiyo hiyo, walitegemea masasisho hadi 2029. Desemba 2020 wakatangaziwa kwamba mwisho ni tarehe 31 Desemba 2021, wakaanza kuhama mbio. Debian haina kampuni inayoimiliki, ndiyo maana naiamini zaidi.

Ingekuwa seva yangu mwenyewe ningeweka FreeBSD, mfumo mwingine wa bure, kwa sababu ya ZFS, namna yake ya kupanga faili kwenye diski. Hii haiandiki juu ya data ya zamani. Inaandika pembeni kwanza, ndipo inahamisha kielekezi, alama inayoonyesha data iko wapi. Umeme ukikatika katikati, unakuta hali ya mwisho iliyokamilika. Kwa mji wetu hilo ni jambo kubwa. Ila mafundi wanaoijua hapa ni wachache, na mimi nikisafiri mtabaki na nani?

Basi, aliyewauzia programu akikubali, wekeni Debian kwenye mashine ya kawaida, diski mbili zinazobeba kitu kilekile, na UPS yenye betri mpya. Pesa ya leseni mlipeni fundi kila mwezi, kwa mkataba ulioandikwa. Nakala ya hesabu itoke nje ya jengo kila jioni. Na kabla hamjamlipa shilingi ya mwisho, mwambie azirejeshe hesabu za wanachama kutoka kwenye nakala hiyo, kwenye mashine tupu, wewe umekaa pembeni yake na leja mkononi.