Dawati la Mama Tiketi: Jina la katikati, kadi ya njano na Kenya mbili

Barua za mwezi huu karibu zote ni za mpaka. Naona ule mkusanyiko wa watu wa safari tulioufanya hapa Lubumbashi umewakumbusha wengi mahali walipokwama.

*Jambo Mama Tiketi. Nina ofisi ndogo ya safari Kamalondo: meza moja, kompyuta moja, simu mbili. Nilikuja kwenye mkusanyiko wenu, nikasikiliza hotuba za Afrika isiyo na mipaka, nikarudi nyumbani na kadi za biashara 31. Mpaka leo hakuna aliyenipigia. Sasa naambiwa kuna mkusanyiko mwingine Ndola, kule Zambia. Nauli, chakula na kulala vitanila kama dola 150. Niende?*
Kijana wa Kamalondo

Kijana wangu, na wewe umempigia nani? Watu 31 wana kadi yako vilevile, na wote wanasubiri simu.

Hotuba hata mimi zilinichosha. Kilichonilipa jioni ile ni dakika ishirini nje ya ukumbi, karibu na jenereta, na baba mmoja anayepanga mabasi upande wa Chililabombwe, Zambia. Alikuwa na daftari la shule lililofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ndani, kwa kalamu ya bluu, ameandika tarehe, namba ya basi, saa ya kufika mpakani Kasumbalesa, saa ya kutoka, na mwisho safu moja aliyoiita "sababu". Nikazisoma kwa mwanga wa simu. "Mtoto hana karatasi ya baba." "Kadi ya njano" (ile ya chanjo). "Mtandao." "Mtandao." "Jina." Kulikuwa na kurasa za mpaka wa Mokambo pia, maana Mzambia anayetoka Mufulira kwenda Mansa hukata njia ndani ya Kongo yetu, kama kilomita 70 hivi, ndipo avuke mto Luapula aingie tena kwao. Yaani na wao wanahitaji muhuri wetu ili wafike nyumbani. Jambo hili huwa tunalisahau tunapolalamika.

Nikamuuliza hilo "jina" maana yake nini. Akacheka. "Mama, ninyi Wakongo mna majina mengi."

Sikucheka, kwa sababu aibu hiyo naijua. Sisi tunabeba jina, postnom na prenom (la ukoo, la katikati na la mbele). Ile ya katikati tuliachiwa na rais wa zamani Mobutu na otantisite yake, ile siasa ya kurudi kwenye majina ya Kiafrika, na imekaa mpaka kwenye paspoti. Sasa programu nyingi za kukatia tiketi zina nafasi mbili tu. Mwaka mmoja nilimpangia mama mmoja safari: basi hadi Lusaka, kisha ndege. Upande wa pili nilikuwa na mwenzangu ambaye hatukuwahi kuonana, tuliandikiana tu. Aliona majina matatu, nafasi mbili, akatupa la katikati. Kwenye kaunta mama akaambiwa tiketi na paspoti si za mtu mmoja. Alilala Lusaka siku mbili, na gharama ilitoka mfukoni mwangu, kwa haki kabisa, maana mimi ndiye niliyetuma majina bila maelezo.

Basi pale kwenye jenereta nilitoa paspoti yangu, nikamwonyesha ile mistari miwili ya chini iliyojaa alama za <<<. Kwenye ule wa juu, baada ya herufi COD linaanza jina la ukoo. Zikija alama mbili pamoja, yanafuata majina mengine. Tiketi iandikwe kama mstari huo unavyosema, hata kama mteja mwenyewe anajiita vingine. Alikuwa hajaambiwa na mtu, na mabasi anapanga kila siku ya Mungu. Tangu hapo, kabla sijamtuma abiria, naupiga picha mstari huo na kumtumia. Hujibu neno moja: "Sawa" au "Ngoja". Ile "Ngoja" yake imeniokoa mara tatu.

Kwa hiyo nenda Ndola, ila kadi ziache. Chukua abiria wako watatu waliokwama mwaka huu, andika kila mmoja alikwama wapi, saa ngapi, kwa sababu gani, halafu tafuta wapanga mabasi na wauza tiketi uwaonyeshe. Wakurugenzi utawasalimia wakati wa chai. Na hizo dola 150 zinaweza kupungua: Kasumbalesa ni kama kilomita 90 tu kutoka hapa, panda gari la kwanza la asubuhi utapunguza usiku mmoja wa hoteli. Saa yetu na ya Ndola ni moja (ya Kinshasa ndiyo iko nyuma), hivyo huna cha kubadilisha. Lakini ukishavuka, magari yanashika kushoto. Angalia kulia kwanza kabla hujakanyaga barabara. Nimeshuhudia mtu akivuka mpaka salama na karatasi zake zote, halafu nusura agongwe na baiskeli.

*Mama, mimi nauza vitenge. Mwezi uliopita kwenye mpaka nimeambiwa kadi yangu ya njano imekufa kwa kuwa imepita miaka kumi. Nilipe au nirudi. Nililipa. Je, nikachomwe sindano tena?*
Mama wa Katuba

Mama mwenzangu, usichomwe. Hiyo miaka kumi ilikuwa kanuni ya zamani. Tangu tarehe 11 Julai 2016, Kanuni za Afya za Kimataifa zinasema chanjo moja ya homa ya manjano inakulinda maisha yote na kadi yake inafaa maisha yote, hata kama ilitolewa kabla ya tarehe hiyo. Kadi haikataliwi kwa uzee.

Yapo mambo mengine yanayoweza kuikataza. Ukichomwa leo, kadi inaanza kufanya kazi baada ya siku kumi, kwa hiyo usichome Ijumaa ukapanda basi Jumatatu. Kadi isiyo na sahihi au muhuri wa kituo ni karatasi tu. Jina nalo lifanane na la paspoti, na hapo soma tena jibu la kijana wa Kamalondo. Na kama mahali pa tarehe ya mwisho wameandika ile miaka kumi, tafadhali usikwangue, usiandike juu yake kwa kalamu yako: kadi iliyochezewa inaweza kukataliwa kweli. Rudi kituoni walikokuchanja, waombe wakuandikie nyingine.

Kuhusu pesa uliyotoa, imekwenda. Safari ijayo sema kwa heshima, lakini kwa sauti ya mtu wa sokoni: "Papa, nitalipa, niandikie risiti." Kisha simama palepale. Usibishane, usitaje kanuni, usiseme unamjua fulani. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi, na mara nyingi faini hufia kwenye neno risiti. Mara nyingine haifi. Ndipo unaketi kwenye mzigo wako na kungoja zamu ibadilike, kama una muda.

*Kwa nini nikitaka kwenda nchi ya jirani kwa ndege nazungushwa Addis Ababa au Nairobi, na bei inakuwa kama naenda Ulaya?*
Papa wa Kampemba

Papa, karatasi ya kumaliza tatizo hilo ipo tangu 1999. Ndiyo inayoitwa Uamuzi wa Yamoussoukro: mashirika ya ndege ya Afrika yaruke kati ya nchi na nchi bila kuombewa kibali cha kila njia. Januari 2018, pale Addis Ababa, kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika, nchi 23 zikazindua soko moja la usafiri wa anga. Mkutano huohuo ulipitisha itifaki ya watu kutembea huru barani, ambayo inangoja nchi 15 ziiridhie ndipo ianze kazi. Bado inangoja.

Wakati huo shirika linaona heri likusanye abiria wa miji kumi kwenye uwanja wake mkuu, liwagawe kutoka hapo, kuliko kuruka Lubumbashi hadi kwa jirani na viti nusu vitupu. Ongeza ushuru. Go-Pass yetu, ule ushuru wa uwanja wa ndege, kwa safari za nje ni ileile, uende Paris au uende kwa jirani ambako ungemaliza soda moja tu angani. Kwenye tiketi ya Paris huioni. Kwenye tiketi ya jirani inauma.

Kama unakwenda Ndola au Lusaka, Papa, panda basi.

*Ni kweli Kenya haidai viza kwa Wakongo?*
Mwanafunzi, komini ya Kenya, Lubumbashi

Kenya unayokaa, mtaa wetu hapa mjini, haijawahi kudai. Ile ya Nairobi iliwaondolea viza wenye paspoti ya Kongo Septemba 2023, mwaka mmoja na kidogo baada ya nchi yetu kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Paspoti yenyewe haikuondolewa. Kuna wakati tuliilipia dola 185, ikashushwa hadi 99, kisha ikashuka tena, lakini kwa mwanafunzi hata bei ya sasa ni pesa ya bukari (ugali wetu) ya miezi. Ianze mapema, usingoje uitwe. Chukua na kadi ya njano.

Na ukifika dirishani Nairobi wakikuuliza unatoka wapi, jibu Lubumbashi. Ukisema Kenya, watu walio nyuma yako watakuchukia.