Maji ya sukari kwa ndege wavumaji

Dada, umeuliza kama unaweza kuwawekea ndege wavumaji (hummingbirds), wale ndege wadogo sana wa Amerika wanaofyonza nekta ya maua, asali yenye rangi nyekundu katika bustani yako huko Maryland, Marekani. Tafadhali usiwape asali kamwe, kwa kuwa ikichanganywa na maji huchacha upesi na kuotesha kuvu inayoweza kuwaua. Chukua kikombe 1 cha sukari nyeupe ya kawaida, uikoroge katika vikombe 4 vya maji mpaka iyeyuke yote, bila kutia rangi yoyote, maana wekundu wa chombo chenyewe cha kuwanyweshea unatosha kuwavuta. Kazi kubwa ni usafi: wakati wa joto kali maji hayo yamwagwe na chombo kisuguliwe kwa maji ya moto kila baada ya siku 2, hata kama hayajaisha. Ndege hawa, ambao hutukumbusha chozi wa kwetu ingawa si wa jamii moja, hula pia wadudu wadogo na buibui, tena huwalisha makinda yao hao hao, kwa hiyo usipulizie bustani dawa ya kuua wadudu. Ukipata mche wa lobelia nyekundu, ambayo ni mmea wa asili wa huko, upande. Mimi huuthamini kuliko chombo chochote cha kununua.