Uliza Fundi: Injini Inagonga Asubuhi

SWALI: Shikamoo fundi. Pikapu yangu ya dizeli, ya zamani yenye pampu ya kawaida, nabebea viazi kutoka Makete. Asubuhi inalia tik tik tik, ikipata moto inanyamaza. Nikisimama, usukani unatetemeka. Fundi wa hapa anataka kushusha injini. — Msomaji, Makambako

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikubali kushusha injini kwa mlio unaokufa ikipata moto! Pima oili kwanza, kabla hujawasha. Ikiwa inatosha, kagua manifodi ya egzosi, bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda. Gasketi ikiungua au boliti ikikatika, moshi hupenya kwa mlio huohuo. Chuma kikitanuka kwa joto, upenyo hujiziba. Tafuta masizi meusi pale manifodi inapokutana na silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Hukuona kitu? Pimeni tapeti, yaani nafasi ya valvu.

Mtetemo una chanzo chake. Injini ikinguruma taratibu, fundi alegeze nati za mabomba ya nozeli (vinyunyizia dizeli vya silinda), moja moja, na kuikaza kabla ya kwenda nyingine. Akilegeza na mngurumo usibadilike, silinda hiyo ndiyo mgonjwa. (Wenye injini za kisasa za komoni reli, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa, msithubutu: presha yake hupenyeza dizeli kwenye ngozi.) Zote zikiitika, angalia raba za maunti zinazoshikilia injini.