Taa ya nje ya vioo vya rangi: usikimbilie siki na silikoni

Mkuu, umesema taa ni ya zamani, vioo viwili vina ufa, vingine vinacheza ukivigusa, maji yanaingia ndani, na mpango wako ni kuiosha kwa siki halafu uizungushie silikoni kila kona. Subiri kwanza. Mimi nilifanya hivyohivyo, na mwaka uliofuata nikairudia kazi yote.

Zile fito za kijivu zinazoshika vioo ni za risasi, ile metali laini, na siki inaila risasi, inaacha unga mweupe. Sasa kituko ni kwamba ile silikoni ambayo ukifungua tyubu inanuka siki, nayo inatoa asidi hiyohiyo inapokauka. Nikaipaka kotekote nikajiona fundi. Nilipokuja kufungua nikakuta unga mweupe kwenye maungio, skrubu za shaba zimeota kijani, holda ya balbu imeoza, na chini kabisa maji kama robo kikombe yametulia tu. Yalipitia kwenye kofia juu, halafu kuna na mvuke: taa ikiwaka hewa ya ndani inapata moto inatoka, ukizima inapoa inavuta hewa yenye unyevu, asubuhi matone kwenye vioo. Na kile kitundu kidogo cha chini nilikiona kama kasoro nikakiziba, kumbe waliotengeneza walikitoboa makusudi maji yapate pa kutokea! Kwa hiyo juu ziba, tena kwa silikoni isiyonuka siki, chini paache papumue.

Kabla ya kugusa chochote zima umeme meni swichi na uhakikishe kwa testa. Piga picha pande zote, weka karatasi juu ya vioo usugue penseli upate ramani ya fito, utanishukuru vipande vikishalala mezani. Kuosha ni maji na tone la sabuni ya maji, kitambaa laini, basi. Ila kama kuna michoro juu ya kioo, pitisha pamba yenye maji kwenye kona moja, pamba ikitoka na rangi, acha hapohapo.

Vioo kucheza mara nyingi siyo risasi imekufa, ni puti iliyokwisha, ile tope inayojaza nafasi kati ya kioo na fito. Changanya unga wa chaki na mafuta ya kitani na masizi kidogo iwe nyeusi, isukume kwa kidole chini ya mdomo wa fito, bonyeza mdomo kwa kijiti cha mti, mwagia unga wa chaki mkavu ufyonze mafuta, kisha brashi. Inachafua mikono balaa. Ungio lililoachia unalehemu kwa lehemu ya 60/40, yaani bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, inayeyuka karibu nyuzi 190 za Selsiasi wakati fito yenyewe ni 327, lakini ncha ya chuma cha kulehemu huwa na moto zaidi ya hapo, ukizubaa sekunde chache fito inadondoka kama nta, mimi nimepoteza moja hivyo. Kama mistari ya taa yako ni myembamba ya mviringo, lehemu tupu, basi ni foili ya shaba, yaani utepe mwembamba uliozungushwa ukingoni mwa kila kioo, hiyo haitaki puti kabisa.

Ufa mdogo uliotulia mimi ningeuacha. Ukibadilisha kioo, linganisha rangi kukiwa na mwanga nyuma yake. Changu mezani kilifanana kabisa na wenzake, usiku kikawaka peke yake kama chungwa.

Usipige msasa mkavu kwenye risasi wala kwenye rangi ya zamani ya fremu, nayo yaweza kuwa na risasi, vumbi lake ni sumu, watoto wakae mbali na unawe mikono kabla ya kula. Nyaya za zamani usizihurumie, ule mpira ukiukunja unapasuka, toa zote, mwachie fundi umeme aweke mpya na waya wa ethi kwenye mwili wa chuma, na balbu iwe ya LED maana joto lake ni dogo.

Kabla ya kuunganisha umeme mwagia maji juu kwa kopo kama dakika kumi hivi, kaa uangalie yanatokea wapi. Yangu mara ya pili yalitoka kwenye kile kitundu cha chini, tone kwa tone.